Kaka asema tufungue injini, walioniuzia wasema ni kawaida: nimsikilize nani?

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi wiki ya sita sasa. Miezi kumi na minane iliyopita nilinunua pikapu mpya, kilomita sifuri. Nilichukua mkopo wa miaka mitano, na pikapu yenyewe ndiyo inayoulipa. Nawabebea wajenzi mabomba, saruji na mbao siku sita kwa wiki. Ni ya petroli, silinda nne, ina turbo. Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Leo imesoma 61,400.

Asubuhi nikiiwasha inatoa "krrrr" kama mnyororo unaoburutwa juu ya bati, sekunde mbili au tatu, kisha inanyamaza. Halafu inabaki "tik-tik-tik" ya haraka haraka mpaka mshale wa joto unapopanda, nayo inafifia. Na nikiwa na mzigo mlimani, nikikanyaga mafuta, nasikia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Taa ya injini haijawaka hata siku moja. Nguvu ni ile ile.

Nimeipeleka kwa walioniuzia mara mbili. Mara ya kwanza niliendesha karibu saa nzima kufika. Kijana mmoja akafungua boneti, akasikiliza, akasema hizo ni nozeli, injini za kisasa ndivyo zilivyo. Mara ya pili walichomeka kompyuta, haikutoa kosa lolote. Karatasi wakaandika "hali ya kawaida".

Sasa kaka yangu. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, na kazi ya ufundi ameifanya miaka 26. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, na ndiye aliyenilipia ada baba alipofariki. Alikuja alfajiri moja nikawasha mbele yake. Alisimama ameshika kiuno, akaniambia: "Mdogo wangu, hiyo cheni ya taimingi imelegea. Siku ikiruka, pistoni zitakutana na valvu, hubaki na injini. Tufungue Jumapili." Nilipomtajia waranti alikasirika. "Kwa hiyo karatasi unaiamini kuliko mimi?" Tangu hapo nikimpigia anajibu kwa maneno mawili matatu, anakata.

Mke wangu anasema tuiuze sasa ingali inang'aa, atakayenunua ataijua mwenyewe. Hilo nalo linanikaa rohoni.

Kuhusu oili usiwe na wasiwasi. Mwishoni mwa mwezi wa pili kaka mwenyewe alinimwagia oili na kubadilisha filta ili nisipoteze siku ya kazi. Aliweka 20W-50, akasema ile ya kiwandani ni nyepesi kama maji, haiwezi kazi ya mzigo. Mlio nilianza kuusikia katikati ya mwezi wa tatu.

Nimsikilize nani? Nikimkatalia kaka nimemvunjia heshima. Nikimkubalia na mambo yakaharibika, nitalipa miaka mitatu na nusu mkopo wa gari lililokufa.

Mdogo Mtu (jina limehifadhiwa)

JIBU

Ndugu yangu Mdogo Mtu,

Pole sana. Gari linalolisha nyumba likianza kulia, mwenye nyumba halali, na hapo hata hatujafika kwenye suala la kaka. Nimesoma barua yako mara tatu. Umezungukwa na watu watatu na kila mmoja ameshakata shauri: kijana wa gereji anasema ni kawaida, kaka anasema tufungue, mkeo anasema tuuze. Wewe umewekwa katikati uchague mtu, na nadhani ndiyo maana usingizi umekuishia.

Niruhusu nikuulize jambo moja kabla ya mengine. Unaamini kwamba kati ya kaka na wale waliokuandikia "hali ya kawaida", lazima mmoja amekosea. Tazama saa. Kaka alisikiliza alfajiri, injini imelala usiku kucha, oili yote imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Kijana wa gereji alisikiliza baada ya wewe kuendesha karibu saa nzima, injini ikiwa moto kabisa. Wewe mwenyewe umesema mlio wa kuwasha hudumu sekunde mbili au tatu, na ule mwingine hufifia joto likipanda. Basi injini aliyoisikia kijana yule ilikuwa imekwisha kunyamaza njiani. Kila mmoja amekwambia kweli ya saa yake. Sijui kama hilo linapunguza uzito kifuani mwako, lakini mimi lingenipunguzia.

La pili: unaandika "mlio" kana kwamba ni mmoja. Mimi nahesabu mitatu.

Ule wa kuwasha, "krrrr" ya mnyororo juu ya bati, ndio aliousikia kaka, na sikio lake si la kubeza. Injini nyingi za sasa zina cheni ya taimingi, ile inayooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, nayo hukazwa na tenshena inayotumia nguvu ya oili. Zina pia gia maalumu kwenye kamshafti, fimbo inayofungua valvu; gia hiyo ndiyo inayobadilisha wakati wa valvu kufunguka, nayo huendeshwa kwa oili. Gari likilala, oili huondoka humo. Ukiwasha, vyuma hivyo hugongana vikavu mpaka presha ifike. Sekunde mbili au tatu ndiyo tabia yake hasa. Lakini presha kuchelewa kufika kuna sababu nyingi, na cheni iliyochakaa ni moja tu kati yake. Filta ya oili, kwa mfano, huwa na kivalvu kidogo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Filta isiyo na kivalvu kizuri huiacha oili irudi yote, na kila asubuhi utasikia hiyo "krrrr" hata kama cheni ni nzima.

Ule wa pili, "tik-tik-tik" inayoisha kwa joto. Kijana alisema nozeli, na ni kweli kwamba nozeli zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hutoa mlio wa tiki, kwa sababu pampu yake husukuma mafuta kwa presha ya bar 200 na zaidi. Tena injini hizi zikiwa baridi huunguruma kwa kasi zaidi kwa muda mfupi ili kupasha joto kichujio cha moshi, na nozeli husikika zaidi wakati huo. Ila nozeli hazinyamazi injini ikipata moto. Ukifungua boneti mchana bado utazisikia. Kitu kinachokuja na baridi na kuondoka na joto kinanifanya niwazie chuma kinachotanuka. Huenda ni mvujo mdogo kwenye manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda: bolti imelegea au gasketi imeungua, moshi unapenya kwa vipigo, kisha chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba. Huenda ni pistoni zinacheza kidogo kwenye silinda kabla hazijatanuka. Huenda ni tapeti, kidude kinachosukuma valvu, ambayo oili inachelewa kuifikia. Ukipata tochi, tazama maungio ya manifoldi injini ikiwa baridi: mvujo huacha mstari mweusi wa masizi, kama ule wa ukutani nyuma ya kibatari.

Wa tatu, kokoto ndani ya kopo, wenzake hawa wawili haufanani nao hata kidogo. Unatokea injini ikiwa moto, ina mzigo, mlimani. Mara nyingi huo ni mchanganyiko wa petroli na hewa unaolipuka wenyewe bila kungoja moto wa plagi. Turbo, mzigo mzito na gia kubwa mno kwa mlima huo huuita haraka. Safari ijayo shusha gia moja mapema, injini ipande mizunguko, usikanyage mpaka chini. Mlio ukinyamaza, umejua kitu. Jaza pia petroli yenye okteni inayotajwa kwenye kijitabu cha gari, tangi zima, usikilize tena. Na kabla ya yote hayo, injini ikiwa imepoa, lala chini ya gari na ugonge kwa ngumi lile bati jembamba linalokinga joto la bomba la ekzosi. Nimeona watu wazima wakikosa raha mwezi mzima kwa ajili ya bolti moja ya bati lile.

Hapo sasa nafika mahali ambapo natamani ningekuwa nimeketi nawe, nikuambie taratibu. Umeniambia nisiwe na wasiwasi kuhusu oili. Ninao. Oili ilimwagwa mwishoni mwa mwezi wa pili, mlio ukaanza katikati ya mwezi wa tatu. Ni wiki mbili hivi. Mambo mawili kufuatana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine, na sitaki umbebeshe kaka lawama kwa neno langu. Lakini tarehe hizo umeziandika kwa mkono wako, karibu na mwisho wa barua, baada ya kuniambia nisiwe na wasiwasi.

Angalia maandishi ya kopo. Katika 20W-50, namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ya mwisho inaeleza uzito wake injini ikiwa moto. Kaka aliifikiria namba ya mwisho: mzigo, joto, kazi ngumu. Kwa injini alizokulia nazo, hesabu hiyo ilikuwa sawa. Ila iliyobadilika zaidi kwako ni ya kwanza. Kama kiwanda kilitaka 0W-20 au 5W-30, basi kila asubuhi unaiomba tenshena ingojee oili nzito ipande, na tenshena ndiyo inayolia. Soma pia kama kopo lina alama ya API SP. Daraja hilo la ubora wa oili lilianza mwaka 2020, na liliwekwa pamoja na mambo mengine kwa ajili ya kulinda cheni za taimingi na kuzuia mlipuko wa mapema kwenye injini ndogo za turbo. Yaani "krrrr" yako na kokoto zako, zote mbili, ndizo zilizokuwa mezani walipoliandika.

Usidhani nasema oili nzito ni ujinga. Mwaka 2025 General Motors iliita yarudishwe kukaguliwa magari kama 600,000 ya Marekani yenye injini ya V8 ya lita 6.2, pikapu zikiwemo, kwa sababu ya kasoro za konrodi na krankshafti, yaani fimbo zinazoshika pistoni na mhimili mkuu zinaouzungusha. Yale yaliyopita ukaguzi yaliwekewa oili nzito zaidi, 0W-40 badala ya 0W-20. Umeona? Namba ya moto ilipandishwa, ya baridi ikaachwa pale pale. Na mwaka uliotangulia Toyota iliita magari kama 102,000 nchini humo, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yangeweza kubaki ndani ya injini. Kugonga kulikuwa miongoni mwa dalili. Nakutajia haya kwa sababu mahali fulani kwenye barua yako nasikia aibu, kama vile gari jipya kuumwa ni kosa la mwenye gari. Hata pikapu mpya kutoka kiwanda kikubwa huugua. Chukua namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, uulize kama gari lako limo kwenye wito wowote wa namna hiyo.

Sasa njia zilizo mbele yako.

Unaweza kurudi kwa waliokuuzia gari, lakini safari hii uliache lilale kwao. Peleka jioni, waombe wasiliguse, fundi mwenyewe apige stata asubuhi, wewe ukiwa umesimama pale. Omba wapime presha ya oili kwa geji ya kufunga kwenye injini. Kompyuta inaona kile tu ambacho sensa zake zimewekwa kuona, na bolti iliyolegea kwenye manifoldi haina sensa. Hatari ya njia hii ni ile oili. Wakiuliza, utasema nini? Wakikuta 20W-50 wanaweza kushikilia hapo na kukataa kulipa. Unaweza kwanza kumwaga na kuweka oili na filta ya kiwango cha kiwanda, utunze risiti, usikilize asubuhi kadhaa. Mlio ukiondoka, huenda safari yenyewe haina haja. Usipoondoka, utakwenda na gari lililo sawa. Ila wakikuuliza kilichokuwamo kabla, sidhani utalala vizuri ukisema uongo, nikikupima kwa ulivyoandika kuhusu kumuuzia mtu gari lenye kasoro. Na fundi aliyefichwa jambo anatafuta ugonjwa gizani.

Unaweza kumwachia kaka afungue. Huenda akawa sahihi kabisa, na cheni ikiruka alivyosema ndivyo inavyokuwa. Lakini fikiria Jumapili hiyo jioni. Injini iko wazi, cheni inaonekana nzima, waranti inayobaki kilomita 38,600 imeingia mashakani, na nyote wawili mmesimama mnatazamana. Soma kijitabu chako cha waranti, ukurasa unaoeleza nani anaruhusiwa kufungua nini, kabla hujampa jibu. Pengine msomee na yeye.

Kuuza pia ni njia, na mkeo ana haki ya kuogopa deni. Swali lako la rohoni umeshalijibu kwa kuliandika, kwa hiyo nitaongeza la hesabu tu: gari linalouzwa kwa uwazi likiwa na mlio usiojulikana hushuka bei, na likiwa na mlio uliopimwa na kuandikwa huenda likashuka kidogo tu. Hata ukiuza, kuujua mlio kwanza hakukupotezei kitu.

Kuna hali moja ambayo haingoji mjadala. Ukisikia mgongano mzito wa chini, "do, do, do", injini ikiwa moto, unaokua kila unapokanyaga mafuta, au taa nyekundu ya oili ikawaka hata mara moja, simama pembeni, zima, ita gari la kuvuta. Usijaribu kulifikisha nyumbani. Hapo huenda ni beringi za konrodi, na injini inayogonga hivyo inaweza kufa ndani ya dakika chache. Hujanieleza dalili hiyo, nami nimefurahi.

Nirudi kwa kaka, maana nadhani yeye ndiye barua yenyewe. Alipouliza kama unaamini karatasi kuliko yeye, sidhani alikuwa anauliza habari za cheni. Mtu aliyekulipia ada akiwa kijana, leo ana miaka 26 kazini, na injini zinazoingia gerejini zinabadilika kila mwaka. Kila anayesema "peleka kwa wenyewe" anamwambia kitu kinachouma. Hilo ni dhana yangu, wewe ndiye unayemjua. Lakini kati ya kumkatalia na kumpa spana kuna nafasi kubwa. Hujamwomba masikio yake. Mwombe aje alfajiri nyingine na bisibisi ndefu, aweke ncha kwenye kifuniko cha cheni, mpini kwenye mfupa wa sikio, kisha ahamie kwenye kifuniko cha valvu, kisha kwenye reli ya nozeli. Mikono ya mashati ikunjwe, na mkae mbali na mikanda ya injini inayozunguka. Kwa manifoldi atumie kipande cha bomba la mpira, maana moshi unaopenya hausikiki kupitia chuma. Mpelekee dipstiki, afute oili kwenye kitambaa cheupe na kukiinamisha juani, aone kama kuna chembe zinazometa. Hakuna bolti hata moja itakayofunguliwa, na hakuna kijana wa gereji mwenye sikio la kumzidi kaka katika kazi hiyo.

Na siku ya kulaza gari kwa waliokuandikia ile karatasi, unaweza kumwomba asimame nawe asubuhi. Habari ya 20W-50 mwambie mkiwa wawili tu, kabla ya siku hiyo, asije akaisikia mbele ya watu. Hata maneno mepesi yanatosha: "Kaka, nimesoma kijitabu kinataka oili nyingine, naomba tuibadilishe pamoja tusikilize." Anaweza kukasirika tena. Anaweza pia kukwambia jambo ambalo hakukwambia siku ile, kwa mfano filta ile aliitoa wapi.

Kuanzia kesho lipe gari asubuhi tatu za kurekodi kwa simu, mahali pale pale, likiwa limelala usiku mzima. Onyesha dashibodi kwanza, kilomita na mshale wa joto zionekane, kisha simu ikae karibu na injini boneti ikiwa wazi. Baadaye icheze rekodi hiyo kwa mwendo wa polepole. Krankshafti ikizunguka mara 800 kwa dakika, hiyo ni mara 13 hivi kwa sekunde, na kamshafti huenda nusu yake, sita au saba. Mlio wa tapeti au valvu moja hufuata ile nusu, na kaka atakuonyesha namna ya kuhesabu. Ila anza kurekodi kabla hujapiga stata. Zile sekunde mbili za mwanzo ndizo ambazo mpaka leo hakuna aliyezisikia isipokuwa wewe na yeye.

Mshauri wako